Fundi Orrin Haugland na Mstari wa Pili

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, Fundi Orrin Haugland atazima mashine yake ya kukereza chuma, atajifuta mafuta mikononi kwa lile taulo la bluu ambalo hakuna mwingine anayethubutu kuligusa, na kuhitimisha utumishi wa miaka thelathini na minane katika Karakana ya Stillwell. Alianza kazi Jumatatu ya kwanza ya Juni 1987. Katika muda wote huo amekosa kazini siku kumi na moja tu, na tatu kati ya hizo alikuja hata hivyo, tukamrudisha nyumbani kwa sababu alikuwa anakoholea mizani.

Kamati ya maandalizi imemwomba mwandishi wa kurasa hizi aeleze maisha ya kazi ya mstaafu wetu. Mwandishi amefanya kazi meza ya jirani naye tangu 1997. Fundi mwenyewe alipoulizwa angependa nini kiandikwe, alijibu: "Andika nilikuja, nikafanya kazi, nikaenda zangu. Nusu ukurasa inatosha, Lorna. Usinichoshee watu, wanataka kula." Ombi hilo limepokelewa na kukataliwa.

Orrin alizaliwa mwaka 1959 kwenye shamba la ngano nje ya mji wetu wa Harlan Forks, mtoto wa nne wa familia ya Kinorwei ambayo iliamini kwamba kitu kikivunjika unakitengeneza, na ukishindwa unakaa nacho hivyohivyo na kunyamaza. Alijifunza kukereza chuma katika karakana ya reli. Alipokuja kwetu kuomba kazi, marehemu mzee Stillwell alimpa kipande cha chuma na kumtaka achonge pini ya unene fulani. Kijana akakishika, akakigeuza, akauliza: "Itapimwa asubuhi au mchana? Maana humu ndani mchana kuna joto, na chuma kitanenepa." Mzee Stillwell alicheka hadi akaegemea ukuta. Akamwambia aanze kazi siku ileile.

Kwa manufaa ya ndugu na wageni ambao si watu wa kazi hii, tueleze kidogo alichokuwa akifanya. Kuna risasi zinazotengenezwa kiwandani na kuuzwa dukani. Kuna pia zile ambazo hakuna kiwanda duniani kinachozitengeneza, kwa sababu zilizaliwa kichwani mwa mtu mmoja aliyetaka kitu kilicho tofauti kidogo. Hizo sisi tunaziita paka-mwitu. Mwenye nayo huchukua ganda la risasi nyingine, akalibadili umbo, kisha akalijaza mwenyewe kwa mkono, moja baada ya moja, na bunduki yake huchongewa chemba ya peke yake, yaani tundu inamokaa risasi. Mafundi wengi hukubali kazi hiyo kwa bunduki ya kuvuta kwa mkono, ambayo mpigaji huvuta komeo lake kila anapopakia risasi. Wachache sana huikubali kwa ile inayojipakia yenyewe, kwa kuwa humo kila kitu hutegemea kingine, na ukibadili kimoja vingine vyote vinanuna. Fundi Orrin aliipenda hasa kwa sababu hiyo. Bunduki iliyokataa kula ilimfurahisha kuliko iliyokubali. Aliweza kukaa nayo wiki nzima akiinamia meza, akiisemesha kwa upole: "Haya mama, niambie, nini kimekukaa kooni?"

Mezani kwake kulikuwa na sheria moja iliyoandikwa kwa rangi nyekundu: KOPO MOJA MEZANI. Maana yake ni kwamba anayejaza risasi huweka mbele yake kopo moja tu la baruti, na mengine yote yako kabatini yamefungwa, ili asije akachanganya. Hakuwa na mzaha na sheria hiyo. Mwaka mmoja alikuja mchuuzi wa vifaa aliyevaa tai, akaweka kopo lake la kahawa pembeni ya mizani. Fundi aliinuka. Alilibeba kopo kwa mikono miwili, akalipeleka mpaka uani, akaliweka juu ya theluji, akarudi kuendelea na kazi. Mchuuzi alikunywa kahawa yake nje.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mkewe, Bi Verna, ambaye ameketi leo mstari wa mbele na ambaye tunamshukuru kwa kutuazima mume kwa miaka yote hii, anasimulia jinsi alivyomkuta akipima chapati za maji za kanisani kwa kipimo chake cha chuma. "Nikamwambia, Orrin, hizi ni za kuliwa, weka hicho kidude mfukoni. Akaniambia, 'Najua ni za kuliwa, mke wangu, ila yako ni nyembamba kuliko ya mchungaji.'"

Kumbukumbu za karakana zinaonyesha kwamba amechonga na kufunga mitutu elfu moja mia mbili na sita. Wateja wake wamerudi na vikombe vya mashindano ya shabaha kutoka majimbo saba. Wamerudi pia na nyama ya paa, jamu ya matunda ya mlimani, na paka mmoja wa kweli, ambaye aliishi ghalani kwetu miaka tisa na kuitwa Kosa la Kipimo. Lakini hesabu anayoijali Fundi ni nyingine, nayo ni hii: hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuumizwa na bunduki iliyotoka mezani kwake. Tunaandika sentensi hiyo leo bila kutetemeka. Kwa miezi kumi na sita hatukuweza kuiandika, na wasifu huu hautakuwa wa kweli tukiruka miezi hiyo.

Katika vuli ya 1999 karakana ilimtengenezea mfugaji wa kondoo aitwaye Dell Kowalczyk bunduki ya paka-mwitu inayojipakia yenyewe. Dell alikuwa mtu wa vicheko, aliyemtania kila mtu na kumwogopa mkewe tu. Alitaka mtutu wa bunduki ugongwe jina la mkewe, Pearl, kwa lile jina la utani alilomwita tangu uchumba. Ombi la namna hiyo si geni. Watu wetu huipa bunduki jina, kama wengine wanavyoipa mashua au trekta. Kawaida karakana huligonga jina hilo juu, na chini yake jina kamili la risasi, kwa herufi ndogo. Mtutu wa Dell ulitoka na neno moja tu, PEARLIE. Hapakuwa na kitu kingine.

Kwa miaka ishirini halikutokea tatizo. Dell alijua bunduki yake inakula nini, maana alijaza risasi zake mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na mkewe akilalamika kwamba baruti inanuka kuliko kondoo. Oktoba 2019 Dell akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula viazi vya jibini na mkate wa nyama katika ukumbi wa chini wa kanisa, Bi Pearl alimshika Fundi mkono.

"Orrin, nimeuza kila kitu," alisema. "Nahamia kwa binti yangu Spokane. Dalali alikuja juzi, kaviuza vyote uani, mpaka ile Pearlie."

"Kainunua nani?"

"Sijui, ndugu yangu. Watu walikuwa wengi. Walilipa taslimu, wakapakia, wakaondoka."

"Na risasi za Dell? Vitabu vyake?"

"Vile vya jikoni? Nilivitupa. Kwani vilikuwa na maana?"

Mwandishi alikuwa amesimama karibu na sahani ya viazi. Aliuona uso wa Fundi ukiwa mweupe kama kitambaa cha meza.

Hatari yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Ipo risasi moja ya dukani, ya kawaida kabisa, inayotokana na ganda lilelile. Ni fupi kidogo na kichwa chake ni kinene kidogo kuliko tundu la mtutu ule. Mtu asiyejua, akitazama bunduki isiyo na maandishi, angeweza kudhani ndiyo yake. Bunduki ya kuvuta kwa mkono ingegoma, na mkono ungehisi. Ile inayojipakia husukuma kwa nguvu ya chemchemi bila kuuliza. Risasi ingeingia, lakini kichwa chake kisingepata njia ya kutokea. Chuma kingepasuka usoni mwa aliyeishika.

Jumatatu iliyofuata Fundi aliingia ofisini kwa mkurugenzi wetu, Bwana Vernon Stillwell, na tangazo aliloliandika kwa mkono. Lilisema kwamba bunduki yenye neno PEARLIE mtutuni isifyatuliwe kamwe, na chini yake: *Mimi, Orrin Haugland, ndiye niliyeshindwa kuandika jina la risasi. Nipigieni simu saa yoyote.*

"Mzee, kwa nini ujitaje?" Vernon alimuuliza. "Andika tu Karakana ya Stillwell. Sote tupo nyuma yako."

"Karakana haina mikono, Vernon."

"Watu watakusema."

"Wacha waseme. Watakaponisema watalitaja na hilo neno. Nataka litajwe."

Walimsema kweli. Mafundi wa miji mingine, ambao hawajawahi hata kuthubutu kazi kama yake, walicheka kwenye simu. Wateja wawili wa siku nyingi walihamisha kazi zao. Mmoja alimwambia ana kwa ana, "Nilidhani wewe hukosei, Haugland," naye akajibu, "Na mimi nilidhani hivyo." Kisha akamwomba abandike tangazo kwenye dirisha la gari lake. Akabandika.

Alituma kadi za posta zaidi ya mia sita. Alibandika karatasi kwenye maduka ya zana, vituo vya mafuta, sehemu za kufulia nguo, na majengo ya mnada wa ng'ombe. Majira ya kuchipua yaliyofuata maonyesho yote ya bunduki yakafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, ikawa hakuna pa kwenda kuuliza. Fundi akaanza kuwaandikia watu barua mmojammoja. Alikonda. Kila simu ilipolia alikuwa ameshasimama kabla hatujaipokea. Bi Verna alisema ameacha kupima chapati.

Simu tuliyoisubiri ililia asubuhi ya Februari 2021, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya madirisha. Mwandishi ndiye aliyeipokea.

"Habari za asubuhi, dada," ilisema sauti ya mwanamke mchangamfu. "Eti, hapo kwenu mnauza risasi aina ya Pearlie?"

Aliitwa Joleen Prewitt, dereva wa basi la shule katika mji ulio maili mia moja na sabini kutoka kwetu. Alikuwa ameliona tangazo pale anapofulia nguo, lakini mtu alikuwa amebandika juu yake tangazo la watoto wa mbwa, kikabaki kipande kimoja chenye neno lile na namba yetu. Alidhani tunauza.

"Mwenyewe sina haraka," aliendelea. "Kuna jamaa kaniambia hii bunduki yangu inakula zile za kawaida tu, na nimetia moja sasa hivi, imeingia kwa raha zake. Sema hiki kichuma cha nyuma hakijafunga sawasawa. Nataka nikigonge kidogo na kiganja, kuna mbweha ananimalizia kuku—"

Fundi alikuwa ameshaichukua simu. Hatukuwahi kuisikia sauti yake ikiwa laini vile.

"Joleen, mama, mimi ndiye niliyeitengeneza hiyo bunduki. Usikigonge. Umenisikia? Usikigonge."

"Sijagonga."

"Mdomo wake umeelekea wapi?"

"Ukutani. Niko stoo."

"Nyuma ya ukuta kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mlima tu."

"Vizuri sana. Ilaze taratibu hapo ulipo, uelekee hukohuko mlimani. Ondoa mkono. Toka, funga mlango, nenda kaweke kahawa jikoni. Asiingie mtu humo mpaka nifike."

"Ufike? Leo? Mzee, barafu yote hii?"

"Naja sasa hivi."

Mwandishi ndiye aliyeendesha gari. Ilikuwa safari ya saa nne na nusu. Njia nzima Fundi alisema jambo moja tu, pale gari lilipoteleza kidogo na dereva akaanza kulia: "Endesha polepole, Lorna. Hakuna aliyekosea leo."

Aliingia stoo peke yake na kutukataza tusivuke ua. Alikaa humo dakika ishirini ambazo mwandishi asingependa kuzirudia. Alipotoka, ile risasi ilikuwa kwenye kiganja chake. Akaketi kwenye ngazi za jikoni za Joleen Prewitt, mtu mzima wa miaka sitini na moja, akalia waziwazi. Joleen alimtilia kahawa na bakuli la maharage ya nyama ya paa, akamfunika bega kwa koti lake la kazini, akasema, "Kunywa, mzee. Macho yangu yapo yote mawili, si unaona yanavyokutazama?" Joleen yuko nasi leo. Amekuja na basi.

Bunduki ile ilipata mtutu mpya, wa risasi ya kawaida ya dukani, yenye jina lake kamili. Mtutu wa zamani Fundi aliukata, akakitoa kile kipande chenye neno moja, akakisugua mpaka kikang'aa na kukituma Spokane. Kipo dirishani kwa Bi Pearl, kando ya maua. "Dell angecheka sana, mjinga yule," alituandikia. "Asante kwa kunirudishia."

Tangu wiki ile karakana yetu ina desturi inayoitwa kusoma mtutu. Hakuna bunduki inayofungwa kwenye karatasi kabla watu wawili hawajasimama mbele yake na kusoma kwa sauti kila herufi iliyogongwa. Wageni hushangaa wakituona watu wazima tumesimama tukisomea chuma kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Karakana tatu za jirani zimeiga. Hii ndiyo kazi kubwa ya Fundi Orrin, kubwa kuliko vikombe vyote, na ilitokana na kosa lake.

Mwandishi angeishia hapo, na kamati ingeridhika. Lakini sentensi hiyo ya mwisho si ya kweli, na siwezi kuiacha ichapishwe peke yake.

Kosa lile halikuwa lake. Siku ile ya Novemba 1999 Fundi Orrin alikuwa kwa daktari wa meno. Kugonga herufi ilikuwa kazi yangu. Aliniachia kikaratasi chenye mistari miwili: wa kwanza jina la utani, wa pili jina kamili la risasi. Nilimaliza wa kwanza. Dell alikuwa amesimama pale, akaliona, akacheka mpaka machozi, akaniambia, "Iache hivyohivyo, dada, imependeza, usiniharibie." Herufi ndogo zinaumiza vidole, na muda wa kutoka ulikuwa umefika. Nikaiacha. Nikasema nitaigonga kesho, na kesho yake bunduki ilikuwa imeshaondoka.

Miezi kumi na sita nilimtazama akikonda kwa ajili ya mikono yangu. Nilibandika matangazo yenye jina lake. Nilisikia akichekwa kwenye simu niliyoipokea mimi. Sikusema. Niliogopa, na kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa, na nilijituliza kwamba hajui.

Mwezi uliopita tulikuwa tunasafisha droo zake. Ndani ya kasha la kipimo chake cha chuma kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mistari miwili, mwandiko wake. Kando ya mstari wa kwanza kuna alama yangu ya vema, kwa kalamu ya kijani ninayoitumia mpaka leo. Kando ya wa pili hakuna kitu. Alikuwa amekitoa kwenye faili la Dell ile wiki ya mazishi. Alikuwa nacho siku alipomwambia Vernon kwamba karakana haina mikono. Alikuwa nacho mfukoni tulipokuwa kwenye barafu ile.

Nilimpelekea, nikamwomba radhi, na sikuweza kumaliza. Alivaa miwani. Akakisogeza kwenye taa.

"Mwandiko mbaya kwelikweli huu," alisema. "Si ajabu haukusomeka."

Kisha akaniambia kwamba yeye ndiye aliyeikagua bunduki ile jioni hiyo aliporudi kutoka kwa daktari, kabla haijatoka. Alipima kila kilichopimika, akasahau kusoma. "Kwa hiyo kosa ni letu sote wawili," akasema. "Na tumeshalilipa." Nilipomwambia nataka kuliandika hili kwenye programu ya sherehe hii, aliguna. Akasema basi niandike vizuri, nisikosee herufi.

Fundi Orrin, kwa niaba ya Bwana Vernon, wafanyakazi wote, wateja wako, na kila mtu ambaye uso wake uko salama bila yeye kujua ni kwa nini, tunakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, mto wenye samaki, macho yasiyochoka, na chapati za unene unaoutaka. Ukae vyema na Bi Verna, na mlango wetu uusukume wakati wowote bila kubisha.

Leo saa kumi kasoro robo, kabla ya chakula, utasomwa mtutu wako wa mwisho, namba elfu moja mia mbili na sita. Wageni wote wanakaribishwa kusogea karibu na meza. Fundi Orrin atasoma mstari wa kwanza. Ameniomba mimi nisome wa pili.

Lorna Birdsall
Karakana ya Stillwell, Harlan Forks, Montana